Msitu wa Rumonge na itongo la mababu: Kisa ambacho riwaya za ziwani hazijakisimulia

RUMONGE, Burundi

Abiria anayetoka Bujumbura kwenda kusini kwa Barabara ya Taifa Namba 3 ana maji upande wa kulia na milima upande wa kushoto karibu kilomita zote 75 hadi Rumonge. Muda mfupi baada ya kuuacha mji, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya Novemba 25, 1871. Watalii hupelekwa pale kupiga picha. Abiria huyo akiendelea, akalipita soko la Rumonge lenye harufu ya mawese na samaki wakavu, kisha akashika njia ya Nyanza-Lac, pembeni mwa barabara kinaanza ghafla kivuli cha miti mirefu iliyosongamana. Huo ni msitu wa Kigwena. Hauna jiwe la Stanley wala la Livingstone, na wapita njia wengi hawaulizi kwa nini umebaki peke yake katikati ya michikichi na mihogo.

Kwa wapenzi wa vitabu vya safari na nyika, Tanganyika ni ziwa maarufu. Stanley alichapisha masimulizi yake mwaka 1872, akieleza jinsi yeye na Livingstone walivyopanda mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kaskazini kutafuta jibu la swali moja la wanajiografia wa Ulaya: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Waliukuta unaingia. Wavuvi wa ufukwe huo wangeweza kuwajibu bila mtumbwi kung'oa nanga, lakini hapo kitabu kingekuwa kifupi.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya ya *The African Queen*, iliyochota kutoka vita vya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani katika ziwa hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1951 ikawa filamu. Miaka ya karibuni zaidi, aliyebeba jina la Burundi katika simulizi za nyika ni mamba Gustave, ambaye makazi yake yalitajwa kuwa kuanzia delta ya Rusizi kushuka ufukweni hadi upande wa Rumonge. Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumtega, filamu ya maandishi ikatoka mwaka 2004, na mwaka 2007 Hollywood ikamtengenezea Gustave filamu ya kutisha iitwayo *Primeval*.

Simulizi zote hizo zina sura moja. Mgeni anafika, anakuta maji, msitu na mnyama mkali, anapambana, anaondoka. Wenyeji wapo kama wapiga makasia au kama mawindo ya mamba. Nyika yenyewe haina mwenyewe. Anayeishi Rumonge anajua kwamba hapo ndipo masimulizi hayo yanapokosea, maana kwenye ufukwe huu ni vigumu kuonesha hata hatua kumi za ardhi ambazo hazina ukoo unaozitaja kuwa zake, na msitu nao umo katika hesabu hiyo.

Meli ya riwaya, abiria wa kweli

Meli iliyompa Forester wazo la manowari ya Kijerumani katika riwaya yake ingalipo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa kwenye makasha hadi Kigoma na kuunganishwa tena kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakikimbia. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na tangu 1927 inaitwa MV Liemba.

Mei 2015, wakati wa mgogoro wa kisiasa Burundi, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kujazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kisicho na barabara ya maana. Kipindupindu kikazuka na kuua. Njia ya kutokea ilikuwa maji, na meli iliyotumwa kuwachukua ilikuwa Liemba ileile, ikibeba mamia kwa kila safari hadi Kigoma, ambako walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Walipokuwa njiani, upande wao wa kushoto walipita chini ya vilima vya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyekuwa kwenye sitaha siku hizo, jambo la kusikitisha, kwa sababu familia, nyumba ya mababu iliyoachwa nyuma na msitu unaolindwa vyote vilikuwa vinaonekana kwa macho kutoka meli moja.

Kwa baadhi ya waliokuwa Kagunga hiyo ilikuwa mara ya pili. Wazee wa Rumonge na Nyanza-Lac walishakimbia mwaka 1972.

Itongo

Aprili 29, 1972 waasi wa Kihutu walianzisha mashambulizi kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac zikawa kati ya sehemu za kwanza kuguswa. Waliouawa katika mashambulizi hayo wengi walikuwa Watutsi. Jibu la dola lilienea nchi nzima na kuendelea kwa miezi, likiwalenga Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa hutajwa kati ya 100,000 na 300,000. Watu wengi wa ufukweni walivuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma na Zaire ya wakati ule. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto waliozaliwa huko walikua wakizungumza Kiswahili na kusikia majina ya vilima ambavyo hawajawahi kuviona.

Nyuma yao ardhi haikukaa wazi. Tambarare ya Imbo ina rutuba, ina joto, na mchikichi unaipenda. Familia nyingine ziliingia, nyingine kwa kupewa na mamlaka, na miradi ya Serikali ya michikichi ikachukua maeneo mapana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilikuja kusema kwamba aliyekaa katika ardhi kwa miaka 30 bila kupingwa anaweza kuhesabiwa kuwa mwenyewe, na kwa aliyeipata kwa nia njema miaka hiyo ilipungua hadi 15. Kwa mtu aliyekuwa Ulyankulu, kutopinga hakukuwa hiari yake.

Neno la Kirundi kwa ardhi ya ukoo ni *itongo*. Tafsiri ya "shamba" haitoshi. Itongo ni mahali ambapo babu alijenga, migomba ya nyumbani ilipooteshwa na wafu walipozikwa. Mtu akiulizwa anatoka wapi, anataja kilima, na anayesikia anajua ni ukoo gani. Ndiyo sababu Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 28, 2000 ulitenga sehemu nzima kwa wakimbizi na mali zao, ukaweka kanuni kwamba anayerudi apate mali yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa CNTB, iliundwa mwaka 2006. Miaka ya mwanzo ilihimiza pande mbili zigawane kiwanja. Baada ya 2011 ilielemea kumrudishia aliyekimbia itongo lake lote, na hapo aliyekaa miaka 30, akazaa na kuzika palepale, naye akawa anatafuta pa kwenda. Rumonge ilikuwa kati ya sehemu zenye mashauri mengi na yenye hasira nyingi. Muda wa Tume uliisha Machi 2022. Mashauri hayakuisha pamoja nao.

Kuna waliorudi wasipate pa kuelekeza kidole kabisa. Kwa hao vilijengwa vijiji vya pamoja, kama kile cha Mutambara hapa Rumonge. Nyumba zimepangwa kwa mistari, ila kulalia nyumba si sawa na kulima, na katika nchi ya watu zaidi ya milioni 12 ambako kaya nyingi zinalima chini ya nusu hekta, shamba la kumpa mtu mgeni halipatikani kirahisi.

Kinachobaki kijani, juu ya michikichi, ni msitu.

Ubwoba

Hifadhi za asili za Rumonge na Vyanda ziko kwenye miteremko inayopanda kutoka ziwani kuelekea Bururi. Kigwena, isiyofika hekta 1,000, iko chini tambarareni. Sheria ya Machi 1980 ndiyo iliyoanzisha mfumo wa hifadhi za taifa na hifadhi za asili Burundi, ingawa baadhi ya misitu nchini ilishawekewa mipaka tangu enzi za Wabelgiji. Kati ya 1972 na 1980 ni miaka minane. Aliyeondoka akiwa kijana na kurudi akiwa na mvi alikuta mambo mawili mapya: jirani asiyemjua, na mpaka wa hifadhi wenye askari wa mazingira. Kwake yote mawili yanafanana. Yote yalitokea yeye hayupo.

Kigwena ni mabaki ya msitu wa joto wa nyanda za chini, aina ambayo Burundi haina mahali pengine pa kuitafuta. Rumonge na Vyanda kwa sehemu kubwa ni miombo, miti ileile ambayo msafiri wa Tabora au Katavi anaizoea, pamoja na vijisitu vyenye unyevu kwenye mabonde ya mito. Huko Vyanda wapo sokwe. Wanasayansi wakitaka kuwahesabu huhesabu vitanda, kwa kuwa sokwe mkubwa hujitengenezea kitanda kipya cha matawi karibu kila jioni.

Lakini kwa familia za vilima hivyo, mali ya miombo si sokwe. Ni uyoga. Mvua za kwanza zikishashiba ardhi, chini ya miti hiyo huchomoza uyoga wa rangi ya chungwa, mweupe na wa hudhurungi, ambao wanawake huuchuma alfajiri, hubeba kwenye mabeseni na kuuza kando ya barabara. Mtaalamu wa kuvu Bart Buyck aliufanyia utafiti na mwaka 1994 kikachapishwa kitabu kizima kuhusu uyoga wa kuliwa wa magharibi mwa Burundi. Jina alilokipa ni la Kirundi, *Ubwoba*. Neno hilo lina maana ya uyoga, na likiandikwa vilevile lina maana ya hofu. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, maana kwetu nako uyoga na uoga vinatenganishwa na herufi moja.

Uyoga huo una sharti. Aina nyingi za miombo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo. Nyuzi za uyoga huuletea mti maji na madini, mti nao huulisha uyoga sukari. Ukikata mti, uyoga wake unakufa nao. Hauoteshwi bustanini, na shamba la michikichi haliuzai. Kwa hiyo mama anayebeba beseni la uyoga ana sababu ya kutaka mti usimame ambayo ni ya leo, ya mfukoni, tofauti na ile ya kwenye mabango ya hifadhi. Mama huyohuyo anahitaji kuni. Mawese ya Rumonge kwa kiasi kikubwa hukamuliwa na wakamuaji wadogo ambao huchemsha matunda ya mchikichi kwa moto wa kuni, samaki wanaobanikwa wanahitaji kuni, na mkaa una mnunuzi Bujumbura. Msitu unampa kitoweo mwezi huu na unampa moto mwaka mzima.

Na hana itongo. Burundi haijapitisha sheria ya mirathi ya ardhi inayompa binti haki sawa na kaka yake, ingawa muswada umejadiliwa tangu miaka ya 2000. Kwa mila, ardhi inapita kwa watoto wa kiume. Anayeujua msitu kuliko wote, kwa mti, kwa msimu na kwa njia, mara nyingi hana sauti baraza linapokaa kuamua mpaka wa familia unaishia wapi na wa hifadhi unaanzia wapi. Hilo halisemwi sana katika mikutano ya uhifadhi, na lingefaa kuwa la kwanza.

Sheria ya hifadhi ya Mei 2011 ilifungua mlango wa wananchi kushiriki katika usimamizi, na tangu 2014 kazi hiyo iko chini ya Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE. Kwenye karatasi njia ipo. Ardhini kuna ugumu ambao karatasi haiuoni: ili kijiji kikubali kuulinda mpaka, lazima kwanza kikubaliane ni mpaka wa nani. Familia ambayo shauri lake la itongo halijakwisha haiwezi kutia sahihi kwamba kilima kile ni cha umma. Ikitia sahihi, itakuwa imejinyang'anya yenyewe. Ikikataa, inaitwa adui wa mazingira.

Jirani wa kusini

Kusini kidogo ya mpaka, Tanzania ilikumbana na fumbo linalofanana. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 1, 2025, alifika Gombe Julai 14, 1960. Kazi yake kubwa, ukiacha majina ya kisayansi, ilikuwa kuandika koo. Aliwapa sokwe majina, akafuata mama na watoto wake, watoto na watoto wao, hadi ukoo wa sokwe jike Flo ukajulikana duniani. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia taazia. Ni mwaka uleule ambao Warundi waliouawa kilomita chache kaskazini walizikwa katika makaburi ya halaiki, wengi bila jina kuandikwa popote. Wapo watu wa ufukwe huu wanaolikumbuka hilo kila wanaposikia sifa za Gombe, na si haki kuwaambia wasilikumbuke.

Burundi nayo ilikuwa na sokwe wenye majina. Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa na kituo cha sokwe yatima Bujumbura. Vita vilipoanza mwaka 1993 ikaonekana hawawezi kubaki salama, na kati ya 1993 na 1995 sokwe hao walihamishiwa Sweetwaters, Ol Pejeta, karibu na Nanyuki nchini Kenya, nchi ambayo haina sokwe wa asili. Mtalii anayewatazama huko Laikipia anatazama wakimbizi kutoka Burundi.

Gombe yenyewe ilikaribia kuwa kisiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya hifadhi na kukuta vilima vinavyoizunguka vimebaki vipara. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE mkoani Kigoma, na ulianza kwa kuwauliza wanavijiji wanahitaji nini kabla ya kuwaambia sokwe wanahitaji nini. Majibu yalikuwa maji, zahanati, shule, mazao. Baadaye vijiji vilichora mipango ya matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya kijiji nje ya hifadhi. Vichaka na miti vikaanza kurudi kwenye baadhi ya miteremko.

Itakuwa kosa kuuchukua mfano huo na kuubandika Rumonge. Kijiji cha Tanzania kinayo sheria inayokipa ardhi kama kijiji. Burundi ardhi ni ya familia, na familia mbili zinaweza kuwa na madai juu ya kipande kimoja, zote kwa ukweli. Kinachoweza kuvuka mpaka ni ule utaratibu wa hatua. Kigoma ilianza na mahitaji ya watu, mti ukafuata.

Muda nao si rafiki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda, na mwaka 2024 lilikaribia kiwango cha juu kilichoandikwa mwaka 1964. Nyumba, mialo na vipande vya mashamba ya ufukweni vilifunikwa, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Aliyepoteza shamba la chini anatazama juu, na juu kuna hifadhi. Mwaka 2025 mitumbwi ilileta tena watu, safari hii kutoka Kongo, wakikimbia vita vya Kivu Kusini, baadhi wakishukia kwenye ufukwe huuhuu unaotazamana na rasi ya Ubwari. Walipokelewa na watu ambao wengi wao wenyewe, au wazazi wao, waliwahi kushuka kutoka mtumbwini upande wa pili.

Nchi nne za ziwa zina mkataba wa pamoja wa kulitunza uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 12, 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mkataba huo unagusa pia udongo unaoporomoka kutoka miteremkoni na kufukia mazalia ya samaki. Kwa maana hiyo mti wa Vyanda ni suala la mvuvi wa Kigoma, wa Kalemie na wa Mpulungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi, Tanzania na Kongo zote ni wanachama, imeshazungumza mengi kuhusu reli na bandari za ziwa hili. Kuhusu itongo la aliyerudi kutoka Ulyankulu na kukuta hifadhi, suala ambalo chanzo chake ni mpaka wa nchi mbili wanachama, imeziachia kamati za vilima.

Kamati hizo hukutana. Wazee huketi kwenye nyasi, mmoja huonesha kwa fimbo mahali palipokuwa na mwembe wa baba yake, mwingine husema mwembe ule aliupanda yeye mwaka 1978. Mvua zikianza, mkutano huahirishwa, kwa kuwa ni wakati wa kupanda maharage na kila mtu ana mahali anapodai pa kupanda. Asubuhi inayofuata mabeseni ya uyoga yanakuwa yamepangwa kando ya Barabara ya Taifa Namba 3, na mabasi ya Bujumbura yanasimama.